Nina Milioni na Nusu, Nimempenda Mzee!

Kabla hamjaanza kumpigia simu mhariri kumuuliza kama na mimi nimepata buzi, tulieni kwanza. Mzee ninayemzungumzia ana magurudumu mawili na taa moja, na ameegemea ukuta wa uani huko Magomeni tangu 2015. Ni pikipiki. Kwenye tangi imeandikwa herufi mbili tu, MZ. Vijana wa kijiwe cha pale kona kwetu nilipowaonyesha picha kwenye simu, wakazisoma wanavyojua wao: Mzee. Na jina limeganda.

Hadithi yenyewe ilianza hivi. Sisi kina dada kumi na tano tuna mchezo wetu, laki moja kila mwezi. Mwezi huu zamu yangu. Milioni moja na nusu, cash, mkononi mwa mtu ambaye mwaka mzima hajashika noti nzima zaidi ya tatu kwa wakati mmoja! Lakini pesa ile haikuwa yangu yote, na hapa ndipo penye ngoma. Dada yangu mkubwa ndiye aliyenidhamini kwenye mchezo, na miezi mitatu nilipokwama yeye ndiye aliyenitolea. Sharti lake lilikuwa moja: zikiingia, tununue bodaboda, tumkabidhi kijana, atuletee hesabu.

Na Boxer ilishapatikana. Mshikaji mmoja wa kijiweni anauza yake milioni na nusu hiyohiyo, yuko tayari kubaki nayo kama dereva na kutoa elfu saba kwa siku, Jumapili anapumzika. Dada alishapiga mahesabu nyuma ya risiti ya LUKU: arobaini na mbili elfu kwa wiki, wiki thelathini na sita pesa imerudi, kuanzia hapo ni faida. Spea za Boxer zimejaa Kariakoo mpaka zinamwagika. Fundi wake yuko chini ya kila mwembe. Mtu mwenye akili timamu hafikirii mara mbili.

Mimi nikaenda Magomeni kumtembelea mama wa rafiki yangu wa shule, nikatoka uani kunawa mikono, nikaiona. Imefunikwa kanga mbili na gunia la mkaa. Nikafunua. Loh! Tangi kubwa kama nundu ya ng'ombe, na mnyororo hauonekani kabisa, umevishwa mipira meusi kuanzia injini hadi gurudumu la nyuma kama mtu aliyevaa soksi ndefu. Nikauliza hii nini. Mama akacheka. Akasema, "Hiyo ya marehemu baba yenu. Chukua wewe, laki tisa. Watu wa vyuma chakavu wananisumbua kila siku."

Marehemu alikwenda kusoma ufundi Ujerumani Mashariki enzi hizo, akarudi 1988 na pikipiki hii ndani ya meli. ETZ 250 ndiyo jina lake kamili, aina iliyoanza kutengenezwa 1981. Miaka miwili baada ya kuiteremsha bandarini, nchi iliyoitengeneza ikafutika kwenye ramani, Oktoba 1990. Hayakuwa mambo ya mtu mmoja hayo. Majirani zetu wa Msumbiji walipeleka vijana wao kule kufanya kazi viwandani kwa mkataba wa 1979, na wengi waliporudi walirudi na pikipiki za huko, maana fedha yao kule ilikuwa haina kazi ukishavuka mpaka.

Sasa usiku ule sikulala. Nikajifungia na simu, nikasoma mpaka bando likakata. Mwenzangu, kumbe Mzee ana ukoo! Kiwanda chenyewe kiko mji unaoitwa Zschopau (jaribu kulitamka bila mate kuruka). Kilianzishwa na bwana mmoja wa Denmark, Jørgen Skafte Rasmussen, na mwishoni mwa miaka ya 1920 kikiwa na jina la DKW hakuna kiwanda duniani kilichokuwa kikitoa pikipiki nyingi kukizidi. Baada ya Vita Kuu ya Pili kikawa mali ya serikali upande wa Mashariki, ndipo likaja jina la MZ.

Halafu kuna kasheshe la 1961, ambalo kama lingetokea hapa Bongo gazeti hili lingeuza nakala mpaka za wiki iliyopita. Kiwanda kilikuwa na injinia mmoja kichwa, Walter Kaaden. Huyu aligundua namna ya kulitengeneza bomba la eksozi ili mawimbi ya moshi yanapotoka yarudi kuusukuma nyuma mchanganyiko wa petroli uliotaka kutoroka kabla haujaungua. Injini ndogo ikawa na nguvu za ajabu. Dereva wake wa mashindano alikuwa Ernst Degner, na mwaka huo alikuwa anakaribia ubingwa wa dunia wa cc 125. Siku ya mashindano kule Kristianstad, Sweden, injini ikamfia. Jamaa hakurudi nyumbani. Alitoroka, na mkewe na watoto wakavushwa kwenda Magharibi wakiwa wamefichwa kwenye buti la gari! Alikimbilia Suzuki na siri zote kichwani. Mwaka uliofuata, 1962, Suzuki wakatwaa ubingwa wa dunia wa cc 50, Degner akiwa juu yake. Kwa hiyo zile Suzuki TF zilizokuwa zikikohoa moshi vijijini na mabwana shamba mgongoni, damu ya Zschopau imo. Kiwanda kikaja kusimamisha kazi 2008. Mwizi akatajirika, aliyeibiwa akafa.

Niliwasimulia kijiweni. Mmoja akaniuliza, "Na hiyo historia inakwenda kilomita ngapi kwa lita?" Noma.

Nikamchukua fundi wangu wa Manzese, mzee wa makamo asiyependa maneno mengi, tukaenda naye Magomeni. Nilidhani atacheka kama wengine. Hakucheka. Alichuchumaa kimya kama robo saa. Akashika gurudumu la nyuma akalitikisa kushoto kulia kuangalia kama mkono wake umelegea. Akafungua kofia ya tangi, akamulika ndani kwa simu: kutu, lakini ya juu juu. Akavuta ule mpira wa mnyororo, akanionyesha. Miaka yote hiyo, mnyororo bado una grisi! "Hawa watu hawakuwa wajinga," akasema. "Boxer yako ukipita Jangwani kwenye matope siku mbili, mnyororo unalia."

Kisha akamwita kijana wa jirani apige kiki. Dogo akapanda kwa mbwembwe, mguu wa kulia unatafuta, unatafuta hewa. Hakuna kitu! Kiki ya MZ iko kushoto. Watoto wa nyumba ile walicheka mpaka mmoja akamwaga maji ya kuogea.

Sasa darasa. Injini hii haina oili yake tumboni ya kulainisha pistoni kama pikipiki za leo. Oili unaichanganya na petroli humohumo kwenye tangi, moja kwa hamsini: lita tano za petroli, mililita mia za oili. Ukisahau, injini inashika, na utaitisha kikao cha mazishi. Oili ya aina hiyo ipo nyingi Feri kwa wavuvi, ila fundi akanikataza. Ile ya boti imetengenezwa kwa injini zinazopozwa na maji, hii yetu inapozwa na upepo, ni ya moto zaidi. Akasema nitafute oili inayouzwa kwa ajili ya misumeno ya injini ya kukatia miti, au ile iliyoandikwa kabisa kuwa ni ya pikipiki. Na kitu kingine, ukishuka mlima mrefu usifunge gesi moja kwa moja, maana petroli isipoingia na oili haiingii. Unagusagusa kidogo. Mimi mlima wangu mrefu ni daraja la Mfugale, lakini nilitikisa kichwa kama msafiri wa Mbeya.

Kuhusu spea hakunidanganya. "Kariakoo utazunguka mpaka viatu viishe." Pistoni, ringi, kebo zenyewe zenyewe, hizo ni za kuagiza. Huko Ujerumani bado zinatengenezwa kwa sababu wapenzi wake ni wengi, lakini kuna nauli ya mzigo na kuna ushuru. Beringi na sili hazimsumbui, kwa sababu beringi ni za namba, si za jina. Unapeleka ya zamani dukani, wanakupimia. Tairi ni za inchi 18, zipo. Silinda ikilika inachongwa, inawekwa pistoni kubwa kidogo. Kabureta akaifungua palepale, akaisafisha, akabadilisha plagi, akafunga chupa ya maji yenye petroli mpya badala ya tangi.

Kiki ya tano ikawaka.

Jamani, ule mlio! Hauendi kwa mpangilio, ting, ting-ting, kimya, ting, kama mtu anayekumbuka kitu. Moshi wa bluu ukajaa uani, nguo za jirani kwenye kamba zikapotea. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Hakusema kitu. Alisimama tu mlangoni, akaangalia mpaka petroli ya kwenye chupa ikaisha na injini ikazima yenyewe. Halafu akarudi jikoni, na ugali wa siku ile ulichelewa.

Hapo ndipo nilipoharibikiwa, sisemi uongo.

Ila ngoja niwaambie mtego uliopo, maana wengi wenu mngenasa. Kadi ya pikipiki ina jina la marehemu. Mirathi haijawahi kufunguliwa. Mama ana watoto watatu, wawili wako hapa Dar, mmoja yuko Tanga na hajaulizwa. Ningetoa laki tisa siku ileile, ningenunua chuma chenye moshi ambacho TRA wasingekibadilisha umiliki, na siku yule kijana wa Tanga angeamka vibaya angekuja kuchukua mali ya baba yake, na sheria ingempa. Fundi alinong'ona tukiwa tunatoka, "Usitoe hata mia."

Basi nikamweleza mama kwa heshima zote: shikamoo yangu iko palepale, lakini naomba ukoo ukae kikao, uandike muhtasari, mumteue msimamizi, mpeleke Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo. Akikubaliwa, tunaandikishana, nalipa. Mama akanyamaza kidogo. Akasema bati la chumba cha nyuma linavuja na mvua hazisubiri mahakama. Kweli tupu. Sikuwa na jibu.

Jumatano akanipigia. Mtu wa vyuma chakavu amekuja na mzani, yuko mlangoni, anatoa laki na nusu taslimu. "Mwanangu, unakuja au huji?"

Niliomba nusu saa. Nikaenda kwa dada, alikuwa anachambua mchele. Nikamwambia yote, pamoja na Degner na buti la gari, nikidhani labda historia itanisaidia. Hakuniangalia. Alichambua, akachambua, mwisho akauliza, "Laki tatu zangu?" Nikamhesabia palepale. Akazifunga kwenye pindo la khanga. Akasema, "Elfu saba kwa siku utamdai nani sasa, Mjerumani?" Mpaka leo tunasalimiana, lakini chai ananipa isiyo na tangawizi, na anajua ninavyoipenda.

Imebaki milioni na laki mbili. Laki tisa ni za Mzee, laki tatu ni za pistoni na ringi na ushuru wake. Hesabu ya biashara haipo. Nitakuwa naendea kazi zangu, basi. Boxer ilinunuliwa Alhamisi na mtu wa Mbagala, na nilimwona mshikaji akipita nayo, inakwenda vizuri kweli, haitoi hata moshi. Roho iliniuma kidogo, nisiwafiche.

Yule mtu wa mzani mama alimrudisha. Bati nililinunua mimi kwa mkopo wa hardware, mabati manne, si bei ya pikipiki, na tumeliandika hivyo mbele ya mjumbe ili lisije likageuka neno. Kikao cha ukoo ni Jumapili hii. Kijana wa Tanga amesema anakuja na basi la alfajiri, ila hasaini chochote kabla hajaisikia ikiwaka. Fundi nimeshamuomba awepo. Mama kaniambia nifike mapema nisaidie kumenya vitunguu vya pilau.