MACHO YA WATOTO, SEHEMU YA 4: Weupe kwenye mboni hausubiriwi

Leo sizunguki. Ukiona weupe ndani ya mboni ya mtoto, pale katikati penye weusi, mpeleke hospitali wiki hiyohiyo.

Wengi huuona kwenye picha. Mmepiga picha usiku kwenye shughuli, flashi imewaka, jicho moja limetoa wekundu kama kawaida, lingine limeng'aa jeupe kama jicho la paka gizani. Wakati mwingine ni mkao wa kamera tu. Wakati mwingine ni mtoto wa jicho. Lakini yaweza kuwa retinoblastoma, yaani saratani ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Huwapata zaidi watoto chini ya miaka 5. Makengeza yaliyoanza ghafla nayo yaweza kuwa dalili.

Kutofautisha haya kwa macho tu haiwezekani, hata mimi nesi siwezi. Daktari wa macho ndiye anayeweka dawa ya kupanua mboni na kuangalia ndani.

Kinachotuponza ni kwamba mwanzoni haiumi. Mtoto anacheza, anakula, anacheka. Basi bibi anasema tumtie maziwa ya mama, jirani ana majani yake, baba anasema tusubiri hela ya mavuno. Jamani, uvimbe hausubiri mavuno. Ukipita kwenye mshipa unaokwenda kwenye ubongo, hatuzungumzii tena jicho, tunazungumzia uhai.

Uko Pangani, Muheza au Mkinga? Anza kituo chako cha afya, omba rufaa ya kwenda Bombo. Ikihitajika zaidi, mtaelekezwa KCMC Moshi au Muhimbili. Najua nauli ni mtihani, ila ugonjwa ukiwahiwa unatibika.

Sasa lile gumu. Uvimbe ukishakuwa mkubwa, daktari anaweza kusema jicho litolewe. Hapo kuna familia zinambeba mtoto na kurudi naye nyumbani. Nawaelewa, lakini siwaungi mkono. Mara nyingi jicho hilo limeshaacha kuona. Ukiling'ang'ania humwachii mtoto kuona, unamwachia saratani. Mwenye jicho moja anasoma, anacheza mpira, anaoa, anaolewa. Jicho la bandia lipo.

Na kama wewe, mwenzio au mtoto wenu mwingine aliwahi kuugua hivi, mwambieni daktari mapema. Ugonjwa huu unaweza kurithiwa, kwa hiyo mtoto achunguzwe tangu anapozaliwa.

Sisi manesi nasi tuna letu. Kliniki tunapima uzito, tunachoma chanjo, tunajaza kadi, foleni inasonga. Macho mara nyingi tunayaruka. Mimi naona si sawa: kummulika mtoto macho kwa tochi hakuchukui hata dakika mbili. Kwa hiyo siku ya kliniki usiogope, sema tu: "Nesi, naomba umuangalie mtoto na macho." Hutusumbui, ni haki yake.

Mtumie mwenzio mwenye mtoto mdogo. Usiku mwema.