Tuhesabuni Sawasawa!

Vijana wenzangu, hebu tuambizane ukweli. Sensa ikitangazwa, waheshimiwa hunyamaza jii. Matokeo yakitoka ndipo wanapopiga kelele: ati tumeibiwa watu! Nami nawauliza: karani alipokuwa akiwatafuta wafugaji malishoni, au akibisha kibanda ambacho mwenyewe yuko kibaruani, ninyi mlikuwa wapi?

Sensa si mchezo. Mwaka 2019 Kenya ilihesabu watu 47,564,296. Wagawe kwa maeneo bunge 290, utapata kama watu 164,000 kwa kila mbunge. Katiba ya 2010, Kifungu cha 89, inaruhusu tofauti ya asilimia 40 kwa miji na sehemu zenye watu wachache, na 30 kwingineko. Basi mtaa ukirukwa na karani, sauti yake Bungeni inapungua. Na mgao wa pesa za kaunti nao hutazama idadi ya watu.

Mwaka 2010 Waziri Oparanya alifuta matokeo ya wilaya nane za kaskazini, kutoka Mandera hadi Turkana, akisema idadi imezidi kiasi. Wenyeji wakakataa, kesi zikaanza. Kwa maoni yangu, palikosekana shahidi wa mtaani ambaye pande zote mbili zingemwamini.

Shahidi huyo hapatikani bure. Vyama vya akina mama, vikundi vya vijana, wazee wa boma, vyama vya walemavu: wapewe fungu lao miaka miwili kabla ya sensa. Nauli, wakalimani, ramani, mikutano ya kueleza watu kwamba karani si polisi wala mtoza kodi. Kuhesabu kubaki kwa makarani. Kikundi kiandae watu na kuripoti nyumba zilizorukwa.

Najua mtasema, "Watazila hizo pesa." Haya, hesabu zibandikwe ukutani kwa chifu, kila shilingi ionekane! Mbona za wakubwa hatuzioni? Mtasema tena kwamba watajiongeza. Basi wapeni majirani wanaoshindana nao fungu kama hilo, wachungane.

Wamakonde walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi mwaka 2016, wakisaidiwa na watetezi wa haki, na mwaka 2017 wakaanza kupata vitambulisho vya Kenya. Waliojipanga walionekana.

Sensa ijayo ni 2029. Mali bila daftari hupotea bila habari, na watu ni vivyo hivyo. Fungu hilo liingie kwenye bajeti sasa, si wiki ya mwisho!