Risala ya Wazazi wa Mabira Wenye Mabinti Katika Shule za Bweni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi:

Tumeombwa tusome risala fupi ya shukrani. Shukrani zipo. Tangu 2016 hatulipi ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne, na tangu 2022 hata ya kidato cha tano na cha sita. Tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Kwa hayo tunaishukuru Serikali kwa dhati. Yaliyobaki ni malalamiko na madai, nayo hatukuweza kuyafupisha.

Shule hatutazitaja. Mabinti zetu wametawanyika katika mabweni na hosteli za Kyerwa na Karagwe, wanayotusimulia wakija likizo yanafanana, na tunajua mtoto wa mlalamikaji anavyotazamwa Jumatatu asubuhi kwenye paredi.

Mheshimiwa, bweni la wasichana tulilipokea kutoka kwa wamisheni, nao walilichukua kwao Ulaya, Uingereza hasa. Hapo ng'ambo ya mpaka, Uganda, shule ya Gayaza ilifunguliwa na wamisheni wa CMS mwaka 1905 kwa ajili ya mabinti wa machifu wa Buganda; upande wetu wa Bukoba zikafuata za Walutheri na za Wakatoliki. Bweni lilikuja na kengele yake, dada mkuu na viranja wake, mabweni yenye majina, prepo ya jioni na kimya cha usiku. Lakini lilikuja na watu pia. Mama zetu waliopita huko wanawakumbuka: mwalimu wa kike aliyelala hatua chache kutoka bwenini, matroni aliyemjua kila mtoto kwa jina na kwa ugonjwa wake, nesi. Leo desturi zote tunazo, nyingine tumeziongeza wenyewe. Watu wale ndio hawapo. Iko hosteli ambayo matroni wake ni mwalimu wa Jiografia mwenye vipindi vyake kamili, mtoto mchanga mgongoni, na tochi ya simu. Hatumlaumu yeye. Tunauliza nani alimpangia kazi mbili kwa mshahara mmoja.

Asipokuwepo mtu mzima, kiranja ndiye anakuwa mzazi. Mtoto wa kidato cha kwanza akishusha tranka lake tu, jina lake ni njuka. Na njuka anachota maji ya dada zake, anafua soksi zao, analala kitanda cha chini penye mlango unaopitisha baridi. Tunaambiwa ni mila ya shule na kwamba inakomaza. Huko Uingereza ilikotoka, desturi ya mdogo kumtumikia mkubwa ilikwisha kuachwa. Kuhusu fimbo, kanuni za mwaka 2002 ziko wazi: viboko visizidi vinne, atoe mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye, msichana achapwe na mwalimu wa kike akiwepo, na adhabu iandikwe. Kiranja hatajwi popote. Tunadai kiranja abaki na kengele na orodha ya zamu za usafi, asishike fimbo wala asimpigishe mtu magoti usiku.

Halafu kuna kile kibao cha lugha. Binti akikutwa anasema Kiswahili anavishwa shingoni, anazunguka nacho mpaka amnase mwenzake. Akisema Kinyambo ndiyo balaa zaidi. Kiingereza tunakitaka, asitusingizie mtu. Mtihani wa kidato cha nne unawasubiri kwa lugha hiyo. Ila mtoto aliyevaa kibao anachojifunza ni kunyamaza na kuvizia. Tunadai vibao vichomwe jikoni na badala yake viletwe vitabu vya hadithi, na midahalo irudi Ijumaa.

Mheshimiwa, hili linalofuata tunaomba ulisikilize kwa makini, kwa sababu mkoa wetu ulikwisha kulipitia. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni pale Kashasha, wanafunzi watatu walianza kucheka wasiweze kujizuia. Kicheko kikaenea. Walicheka, walilia, wengine walihangaika wakikimbia huku na huko, na hali iliweza kumshika mtu saa chache au hata zaidi ya wiki mbili. Kati ya wanafunzi 159 walipatwa 95. Walimu hakupatwa hata mmoja. Shule ikafungwa tarehe 18 Machi, wasichana wakarudishwa makwao, na hali ikawafuata vijijini, Nshamba ikiwemo. Shule ikafunguliwa Mei, wakapatwa wanafunzi 57, ikafungwa tena Juni. Madaktari walipima damu na chakula, sumu hawakuiona, kirusi hawakukiona.

Duniani kisa hicho husimuliwa kama kichekesho. Sisi wenye mabinti hatuchekeshwi nacho. Hata leo wasichana wanapiga kelele na kuanguka bwenini usiku, na kinachofanyika kinajulikana: huitwa mchungaji au shehe, huombwa dua, kisha wale walioanguka hupewa likizo ya lazima wakiwa na jina la kuwa na mapepo. Dua hatuikatai. Lakini hatujasikia mtu akiuliza watoto hao walilala saa ngapi, walikula nini, nani alikuwa anawatisha, na mtihani ulikuwa wiki gani. Kashasha walimu walikuwa mle mle, na hawakupatwa. Hilo peke yake lingetosha kutufanya tuyatazame maisha ya mwanafunzi kabla ya kumtafuta shetani. Tunadai kila bweni liwe na matroni asiye na kipindi darasani, aliyefundishwa unasihi, na binti aweze kumwendea bila kupitia kwa kiranja.

Na moto. Shauritanga, Rombo, mwaka 1994 ulichukua wasichana zaidi ya 40. Idodi, Iringa, mwaka 2009, wasichana 12, kwa mshumaa wa kusomea. Kisha ukaja kwetu: Septemba 2020, bweni la shule ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu, hapa hapa Kyerwa, watoto wasiopungua 10. Baada ya mazishi hayo tungetegemea kila nondo ya dirisha la bweni katika wilaya hii ingekatwa. Bado zipo, na kufuli bado linafungwa kwa nje saa nne usiku. Sababu tunaijua, ni vijana wa bodaboda wanaozunguka uzio. Basi aajiriwe mlinzi wa kike. Mlango ufungukie nje, uwepo wa pili upande wa pili, dirisha moja kila chumba lisiwe na nondo, na ufunguo ulale ndani. Hili hatulipi muda wa utekelezaji. Fundi wa kuchomelea yupo hapo senta, kazi yake ni ya siku moja.

Tuje kwenye fedha. Ada imefutwa, lakini fomu ya kujiunga inataka godoro, tranka, ndoo mbili, jembe, fyekeo, rimu ya karatasi, mchango wa hosteli, madebe ya mahindi na maharage. Yote Januari. Kahawa yetu inaanza kuvunwa Mei. Kwa hiyo mzazi wa Mabira Januari anakwenda kwa mwenye fedha na kuuza butura, kahawa ikiwa bado mbichi mtini, kwa bei ya huruma. Kila msimu Serikali inapiga vita butura na kututisha na sheria, huku fomu ya shule yake ndiyo inayotupeleka kwa mlanguzi. Tunadai michango ipokelewe kwa awamu, kubwa yake Julai baada ya malipo ya chama cha msingi, na binti asirudishwe nyumbani kwa debe la maharage.

Mengine tunayasema kwa haraka. Maji yachimbwe au yavunwe paani. Binti kushuka bondeni na ndoo magharibi inapoingia si malezi. Taulo za kike ziwepo kwa matroni bila kuombwa mbele za watu. Kodi yake iliondolewa 2018 ikarudishwa 2019 kwa maelezo kwamba bei haikushuka, na sisi hatukuelewa kwa nini aliyeshindwa kushusha bei alikuwa mfanyabiashara na aliyeadhibiwa akawa binti. Na ndizi, Mheshimiwa! Tumezungukwa na migomba, na watoto wa Kinyambo wanakula ugali muhula mzima. Mikungu tutaileta wenyewe, tupangiwe zamu tu.

Majibu tunayaomba kwa maandishi, dai kwa dai, yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji wa kata kabla ya Januari, wadogo wa mabinti hawa watakapokuwa wanafunga matranka.

Tunawasilisha,
Wazazi na walezi, Mabira