Kifusi ni mali, kisitupwe korongoni

Msimu wa kahawa unapokwisha wilayani Mbinga, sehemu kubwa ya fedha ya mkulima huishia kwenye nyumba. Ya zamani hubomolewa, mpya huanza. Kifusi hutupwa korongoni au kando ya mto, kisha mwenye nyumba huyo huyo hununua tofali, mawe na mchanga. Analipa mara mbili: kutupa alichokuwa nacho na kukinunua upya.

Hasara hii itakua. Tangu Wilaya ya Nyasa imegwe kutoka Mbinga mwaka 2012, majengo ya umma na ya watu binafsi yameongezeka. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, takriban kilomita 66, sasa ni ya lami, na bandari ya Mbamba Bay imeanza kujengwa. Biashara ikifika, nyumba kuukuu zitaanguka nyingi zaidi.

Wanaoumia ni wakulima na wavuvi. Kila tanuri la tofali za kuchoma linakula kuni, na miti inayokatwa ndiyo inayolinda chemchemi na kuipa kahawa kivuli. Udongo na kifusi vinavyotupwa mitoni husombwa na mvua hadi ziwani. Samaki aina ya mbasa hupanda mito kama Ruhuhu ili kutaga mayai kwenye changarawe safi. Changarawe ikifunikwa na tope, mvuvi wa Lituhi hupata hasara kwa kosa la mjenzi wa milimani.

Dawa ipo, nayo haihitaji mtambo. Ukuta uliojengwa kwa udongo ubomolewe kwa mkono, kuanzia juu kwenda chini, na tofali nyingi zitatoka nzima. Zikwanguliwe, zipangwe, na ziloweshwe maji kabla ya kujengewa tena. Vipande vinafaa kushindiliwa chini ya jamvi. Mbao, milango, mabati na nondo vitengwe mapema, kwani kila kimoja kina mnunuzi wake.

Kwa ukuta wa saruji, ushahidi upo hapa hapa nchini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulitumia kifusi cha Dar es Salaam, kilichosagwa na kuchanganywa na saruji, kufyatulia tofali. Asilimia 85 ya tofali zilizopimwa zilifikia nyutoni 7 kwa kila milimita ya mraba, kiwango cha chini cha tofali za kubeba uzito nchini. Hata hivyo, fundi asikisie. Tofali za kubeba ghorofa au linta lazima zipimwe kwanza.

Jambo moja ni la hatari. Mapaa ya zamani ya asbestosi yasivunjwe, yasisagwe wala yasiuzwe. Vumbi lake huleta ugonjwa wa mapafu na saratani. Bwana afya aitwe kabla ya kazi kuanza.

Wapo watakaosema kubomoa kwa mkono kunachelewesha kazi. Ni kweli, lakini ujira huo hubaki kwa vijana wa kijijini, wakati fedha ya kuni za tanuri haimrudishi mti hata mmoja.

Halmashauri nazo zina sehemu yao. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa wajibu wa taka ngumu, na inakataza ndani ya mita 60 za mto au ziwa shughuli zinazohatarisha mazingira yake. Katazo bila mahali pa kupeleka kifusi ni maneno matupu. Mbinga na Mbamba Bay zitengewe uwanja wa kukusanya na kuuzia kifusi, na zabuni za shule na zahanati zidai kitumike tena pale kinapofaa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya nyundo ya kwanza kupigwa, mwenye nyumba ahesabu tofali zake.