Kisawazishi Kisichosawazisha

Nimewahi kumdhulumu mshairi kwa sababu ya besi. Naanza na ungamo hilo ili msomaji ajue kuwa wa kwanza kulaumiwa katika makala haya ni mimi mwenyewe.

Nilikuwa mmoja wa waamuzi wa shindano dogo la ughani. Washiriki, wengi wao wanafunzi, walituma tungo zao kwa sauti peke yake, bila maandishi, nasi tulizisikiliza kila mtu nyumbani kwake na kutoa alama. Mimi nilizisikiliza usiku, kwa spika ndogo za masikioni zisizo na waya ambazo nilikuwa nimezinunua wiki ile ile. Binti mmoja alighani tarbia ya beti saba. Sauti yake ilikuwa tulivu na mizani yake kamili, lakini katika ubeti wa tatu nikasikia kina cha ukwapi kikihama. Mishororo miwili iliishia kwa -sa, na wa tatu ukaishia kwa -sha. Mahali palipotaka "kosa", mimi nilisikia "kosha". Nikaandika kwamba kina kimeguga, nikamkata alama, nikaenda kulala.

Matokeo yalipotangazwa, binti yule aliniandikia kwa adabu: "Shikamoo, mwalimu. Naomba uusikilize tena ubeti wa tatu. Nilisema kosa, si kosha." Nilikaribia kukasirika. Kisha nikaicheza rekodi ile kwa spika ya simu yenyewe, ile inayolia kama debe. Nikasikia "kosa". Nikairudia mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa "kosa". Debe lilisema kweli, na kifaa cha bei kilinidanganya.

Ndipo nilipoifungua programu ya simu inayoziongoza spika zile. Ndani yake mlikuwa na safu ya vitelezi, na vile vya upande wa sauti nene vilikuwa vimepandishwa karibu na kilele, ilhali vya upande wa sauti nyembamba vimeshushwa. Sikuvigusa mimi. Mpangilio ule ndio niliouziwa nao. Nilimwomba binti radhi na waamuzi wenzangu wakakubali kumrudishia alama zake, lakini cheti cha nafasi ya tatu kilikuwa kimekwisha kukabidhiwa mwingine.

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Mwamba ngoma wa leo ni yule aliyepanga vitelezi vile kabla sijalifungua boksi, na ngozi anayoivuta ni ya masikio yangu na yako. Hoja yangu ni moja: mshairi, mhakiki au mwamuzi anayesikiliza tungo kwa mpangilio aliopangiwa na muuzaji hajalisikia shairi. Amesikia mvumo wa shairi. Kuifungua programu ile na kuvisogeza vitelezi kwa mkono wake mwenyewe ni sehemu ya kazi yake, kama ilivyo kuhesabu mizani.

Tazama jinsi sauti ya mtu ilivyo. Mtetemo wa msingi wa mwanamume anayezungumza huwa kati ya Hz 85 na 180 hivi, na wa mwanamke kati ya Hz 165 na 255. Irabu zetu tano hutambulikana hasa kwa yale yanayotokea kati ya Hz 300 na 3000. Vikwamizo vinakaa juu zaidi. Mvumo wa sh huwa na nguvu kuanzia kama Hz 2500, na mruzi wa s hukolea juu ya Hz 4000. Tofauti ya kisa na kisha, kosa na kosha, pasa na pasha, imeegemea orofa hiyo ya juu. Mtu akikata orofa ya juu, s hupoteza mruzi wake na kusogea karibu na sh. Akiongeza besi, hasara inakuwa maradufu, kwa kuwa sauti nene ikizidi nguvu huzifunika nyembamba zilizo juu yake.

Hasara haiishii kwenye s na sh. Wengi wetu tunajivunia kutenganisha thamani na samani, dhana na zana. Na kwa wenzetu wa Kimvita na Kiamu kuna jambo ambalo tahajia sanifu hailionyeshi kabisa. Paa la nyumba na paa wa mwituni hutofautiana kwa mpumuo wa p. Mpumuo huo ni pumzi nyepesi inayopita mara moja, na sikio lililojazwa ngurumo haliwezi kuidaka. Msikilizaji wa bara anayemsikiliza malenga wa Mombasa kwa mpangilio wa besi nzito ananyang'anywa lahaja nzima, kisha anadai kwamba lahaja hiyo haina tofauti na Kiswahili chake.

Sasa nigeukie jina, maana hapa lugha nayo ina kesi. Kifaa hiki wengine hukiita ikwalaiza, na watafsiri hukiita kisawazishi. Jina la pili si baya, na lina historia ya haki. Zamani za simu za waya, sauti ilipopita katika waya mrefu ilipoteza sehemu yake nyembamba zaidi kuliko sehemu yake nene. Mafundi wakatengeneza mitambo ya kufidia kilichopotea, ili sauti inayotoka ilingane na ile iliyoingia. Huko ndiko kusawazisha, kumrudishia msemaji sauti yake. Leo chombo chenye jina hilo kinauzwa kikiwa kimeipinda sauti tangu mwanzo, nasi tunaendelea kukiita kisawazishi bila kuona haya. Sitaki jina libadilishwe. Nataka chombo kilazimishwe kulistahili jina lake.

Ugomvi wangu mkubwa na watafsiri ni kuhusu vitelezi vyenyewe. Nimeona mahali pengi besi ikielezwa kuwa "sauti ya chini" na kinyume chake kuwa "sauti ya juu". Mswahili akimwambia mwenzake aseme kwa sauti ya chini, anamtaka asitoe siri mbele ya watu au asimwamshe mtoto. Akisema sauti ya juu, anamaanisha kelele. Kwa hiyo mzee anayeambiwa "punguza sauti ya chini" atadhani anaambiwa apunguze kitu ambacho tayari ni kidogo, na atakuwa na haki ya kucheka. Lugha yetu ilikwisha kulimaliza jambo hili kabla ya simu kufika. Tunasema fulani ana sauti nene, fulani ana sauti nyembamba. Katikati tuna sauti ya kati. Na wanakwaya wetu wanaimba besi kila Jumapili bila kuhitaji kamusi. Sauti nene, sauti ya kati, sauti nyembamba: maneno hayo yanatosha, na hayana haja ya kukopa wala kubuniwa.

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza litatoka kwa wenzangu wa vitabuni, kwamba shairi ni maandishi na sauti ni pambo lake. Nawajibu kwa mfano wa Muyaka bin Haji wa Mombasa. Mengi ya mashairi yake yaliishi vinywani na masikioni mwa watu kabla ya Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor kuyakusanya baadaye katika karne ya 19. Laiti masikio ya Mombasa yangekuwa yamezibwa kwa ngurumo, leo tusingekuwa na cha kuchapa. Kina ni jambo la sikio kwanza. Jicho lilikuja baadaye kulithibitisha.

Jibu la pili ni kwamba kila mtu ana ladha yake, na kwamba muziki wa vijana unataka besi. Nakubali. Tena nakiri kwamba ndani ya daladala, ambako mngurumo wa injini huifunika sehemu nene ya muziki, kuiongeza besi kuna maana. Sijaja kumnyang'anya mtu burudani yake. Lakini anayekaa kuhukumu kazi ya mtu mwingine hana ruhusa ya kuhukumu kwa ladha ya kiwanda. Mpimaji wa dhahabu naye anaweza kupenda mizani inayolalia upande wake, ila hatumwiti mpimaji tena.

Jibu la tatu huja kwa kiburi cha uzee: vitu hivi ni vya vijana, mshairi wa kweli hana haja navyo. Ndugu zangu, ngoma ya ngozi ikilegea huoteshwa moto mpaka ikaze, na mpiga kanuni wa taarabu hulinganisha nyuzi zake kabla ya wimbo wa kwanza. Hakuna aliyewahi kusema kwamba kufanya hivyo ni utoto. Kitelezi kwenye simu ni uzi mwingine wa kulinganishwa. Anayeona aibu kuugusa amewaachia wengine wamlinganishie.

Kwa hiyo nitaeleza ninavyofanya mimi, si kama fundi, bali kama mtu aliyekwisha kuumbuka. Kwanza hakikisha kipande cha mpira cha spika kinaziba vizuri tundu la sikio. Kikiwa kidogo, sauti nene huvuja, nawe utaiongeza bila sababu. Kisha fungua programu, achana na mipangilio yenye majina ya miziki, na urudishe vitelezi vyote kwenye sifuri. Idadi yake hutofautiana. Programu ya Sony, kwa mfano, imekuwa na vitano vya Hz 400, 1000, 2500, 6300 na 16000, pamoja na kimoja cha besi. Mwombe mtu wa nyumbani asome ubeti mbele yako, umrekodi, halafu usikilize rekodi yake naye akiwa bado ameketi hapo. Huyo ndiye kipimo chako.

Ikiwa sauti ya spika ni nzito kuliko ya msomaji, shusha sauti nene desibeli tatu au nne. Shusha kabla ya kufikiria kupandisha, kwa kuwa anayepandisha kila kitu huishia kusikia mikwaruzo. Kama vikwamizo bado vimezama, pandisha kidogo eneo la Hz 2500, desibeli moja au mbili, kisha lile la 6300. S ikianza kuchoma sikio, umepita mpaka, rudi nyuma. Programu nyingi hukuruhusu kuuhifadhi mpangilio wako na kuupa jina. Wangu nimeuita "Ushairi", na kila niuonapo katikati ya majina ya kigeni nafarijika.

Lakini kisawazishi hakifufui kilichokwisha kufa. Laini ya simu ya kawaida kwa miaka mingi imepitisha sauti kati ya Hz 300 na 3400 tu, maana yake sehemu kubwa ya s hukatwa njiani. Vivyo hivyo, spika za masikioni zinapotumika na kipaza sauti chake wakati wa maongezi, mara nyingi sauti hubanwa kuliko wakati wa kusikiliza rekodi. Kwa hiyo mwamuzi asimhukumu mtu kina kwa shairi lililoghaniwa kwenye simu, hata kama vitelezi vyake vimepangwa na malaika. Na waandaaji wa mashindano, nikiwemo mimi, wadai maandishi pamoja na sauti. Laiti tungedai, cheti kile kingefika mkono uliostahili.

Nimetunga ubeti mmoja kwa maneno yale yale yaliyonidanganya. Mpe mwenzako aughani, urekodi, usikilize kwa macho yaliyofumbwa:

Sikiliza hiki kisa, hukumu itoe kisha,
Nikifanya langu kosa, kwa ukweli nitakosha,
Kusema kumenipasa, na habari kuwapasha,
Sikio likitutosa, sauti tutanyoosha.

Ukwapi wote ni -sa, utao wote ni -sha. Vikikujia vimechanganyika, usimlaumu aliyeghani. Fungua programu.

Binti yule ameendelea kutunga. Wiki iliyopita alinitumia kazi mpya, na safari hii aliambatanisha maandishi bila kuombwa. Nilielewa ujumbe wake. Niliisikiliza kwanza kabla ya kuyatazama maandishi, nikaviandika vina vyote kwa mkono kama nilivyovisikia, kisha nikalinganisha. Vyote vilikuwa mahali pake. Nilimjibu kwamba safari hii mwalimu amefaulu.