Kumi Nini?

SAFU YA FUNDI MITAMBO
Na Salim Mwinyihaji

Tazama mstari huu wa msimbo: delay = 10. Kumi nini? Kwenye kiini cha Linux ipo udelay inayohesabu mikrosekunde, na ipo mdelay inayohesabu milisekunde. Ile kumi ikiangukia isikokusudiwa, kifaa kitangoja mara elfu zaidi au mara elfu pungufu, na kompyuta haitakuonya. Kwake namba ni namba.

Ndiyo maana waandishi wa viendeshi, zile programu zinazoiunganisha kompyuta na kadi ya mtandao, diski au kihisi cha joto, hawana budi kuchunga majina kuliko wenzao.

Wapo wanaodhani jina zuri ni jina refu. Wanakosea. Mwongozo wa uandishi wa kiini cha Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwenyewe, unawakejeli wanaokipa kigeu cha muda mfupi jina la sentensi nzima. Kwenye kitanzi kifupi, i yatosha. Ukali wake umeelekezwa kwa majina yanayotumika msimbo mzima: hayo sharti yajieleze.

Kujieleza kwenyewe ni kutaja kipimo. Sehemu ya Linux inayodhibiti umeme hupokea min_uV na max_uV. Msomaji anajua papo hapo kuwa ni mikrovolti, kwa hiyo volti 3.3 zitaandikwa 3300000. Linganisha na faili la joto liitwalo temp1_input. Ukilifungua unakuta 45000. Bila kusoma nyaraka, utajuaje kwamba ni nyuzi 45 za Selsiasi, zilizohesabiwa kwa sehemu za elfu?

Utaambiwa maelezo ya pembeni yanatosha. Hayatoshi. Maelezo hubaki pale yalipoandikwa, ilhali jina huandamana na thamani kila inakokwenda. Anayesaka hitilafu usiku huanzia mstari uliokwama, na mara nyingi maelezo hayo yako faili jingine kabisa.

Vijana wetu mnaoandika viendeshi, rejista iiteni kwa jina lililo kwenye kitabu cha mtengenezaji, ili atakayewafuata alitafute humo na kulipata. Muda na volti zipeni kipimo mwishoni mwa jina: delay_us, timeout_ms. Gharama yake ni kugusa kibodi mara tatu. Na mkikagua kazi ya mwenzenu mkakuta delay tupu, msiipitishe, irudisheni.