Mashine Iseme Lugha ya Anayeiendesha



Tunapodai mishahara, wakubwa hutusikiliza hata kama hawatupi. Tunapodai viatu na glovu, hutusikiliza pia. Lakini tukidai kwamba maandishi yaliyo juu ya mashine, ndani ya vitabu vyake na juu ya mapipa ya dawa yaandikwe kwa lugha tunayoielewa, hucheka. Hutuambia hilo ni jambo la walimu wa shule, si la sendika. Makala hii inasema kinyume. Neno la mashine ni kinga ya mwili kama ilivyo kofia ngumu, na anayemnyima mfanyakazi neno hilo amemnyima kinga.

Tuanze na hali yetu. Hapa Bwiza tunaamka, tunanunua, tunagombana na kupatana kwa Kirundi na Kiswahili. Lakini tukivuka lango la kiwanda ni kama tumeingia nchi nyingine. Kitufe chekundu cha kusimamisha mashine kimeandikwa "arrêt d'urgence". Mlango wa chumba cha umeme umeandikwa "haute tension". Pipa la magadi makali yanayochoma ngozi limeandikwa "soude caustique". Kitabu cha mashine kimefungiwa kabatini ofisini, na mara nyingi ni cha Kifaransa, Kiingereza au Kichina. Kibarua mpya hufundishwa kwa kidole: bonyeza hapa, usiguse pale. Elimu ya kidole ina kasoro moja kubwa. Huonyesha mahali, lakini haielezi sababu. Siku kapita hayupo, au siku mashine imebadilishwa kidogo, kidole hakipo tena na kibarua amebaki peke yake na herufi asizozijua.

Tukisema hayo, tunajibiwa kwamba lugha zetu hazina maneno ya mitambo. Jibu hilo tulipime kwa mfano wa mtambo ambao wengi wetu hatujauona, mashine ya kutengeneza karatasi.

Kazi yenyewe si ya uchawi. Mbao hukatwa vipande vidogo na kupikwa pamoja na magadi makali mpaka zinakuwa nyuzi laini. Nyuzi hizo huchanganywa na maji mengi zikawa rojo. Rojo humwagwa juu ya wavu unaokimbia, maji yakachuruzika na utando ukabaki. Utando hupita kati ya rola nzito zinazoukamua, kisha juu ya mapipa ya chuma yaliyojaa mvuke yanayoukausha, na mwisho huviringishwa. Mfaransa Louis-Nicolas Robert alipewa hataza ya mashine ya namna hiyo mwaka 1799. Baadaye akina Fourdrinier wa London walitoa fedha zao ili iendelezwe Uingereza, na hivyo maneno mengi ya kazi hiyo yakawa ya Kiingereza.

Sasa tazama walivyofanya Waholanzi na jamaa zao wa kaskazini mwa Ubelgiji walipotaka maneno hayo kwa lugha yao. Sehemu ya wavu waliiita "zeefpartij", ya rola za kukamua "perspartij", na ya mapipa ya mvuke "droogpartij". Maneno haya yakitamkwa yanatisha, lakini maana zake ni sehemu ya chungio, sehemu ya kukamua na sehemu ya kukausha. Neno "zeef" ni lile lile analotumia mama jikoni anapochekecha unga. Hawakupanda mbinguni kuleta maneno. Walifungua kabati la nyumbani.

Tazama pia namna tafsiri inavyoharibika mfasiri asipofika kiwandani. Katika mashine ya karatasi kuna kisu kirefu kinachokwangua uchafu juu ya rola. Waingereza hukiita "doctor". Mtu aliyekaa ofisini na kamusi yake ataandika kwamba rola ina daktari. Karatasi iliyoharibika, ambayo hurudishwa ikawa rojo tena, huiita "broke", na mwenye kamusi atadhani ni habari za mtu aliyefilisika. Lakini mpeleke mfasiri huyo kwa anayesimama zamu ya usiku karibu na kisu hicho, amwulize kinafanya nini. Atajibiwa kwamba kinakwangua, basi ni kikwangulio. Na ile karatasi? Ni takataka inayorudi. Maneno yamepatikana, na aliyeyatoa ni mfanyakazi.

Kwa hiyo wanaosema lugha fulani haina maneno ya mitambo wanatudanganya. Lugha hukosa maneno ya mitambo pale tu wenye lugha hiyo wanapozuiwa kuyasema mbele ya mtambo.

Wazee wetu waliuita mtaa huu wa Bwiza kwa jina la Belge. Basi tuwatazame Wabelgiji wenyewe. Katika karne ya 19 viwanda vya nguo vya mji wa Ghent vilijaa wafanyakazi waliosema Kiflemi, yaani Kiholanzi cha huko, huku matajiri na wakubwa wao wakisema Kifaransa. Mfanyakazi alitukanwa, akakatwa mshahara na kufukuzwa kwa lugha isiyo yake. Wafanyakazi na wasomi wa upande huo hawakukubali. Mwaka 1898 sheria iliyatambua maandishi ya sheria ya Kiholanzi kuwa sawa na ya Kifaransa. Mwaka 1930 Chuo Kikuu cha Ghent kilianza kufundisha kwa Kiholanzi, wahandisi wakiwemo. Mwaka 1973 sheria ya tarehe 19 Julai iliamuru kwamba katika eneo la Kiholanzi mwajiri na mfanyakazi wawasiliane kwa Kiholanzi, kwa mdomo na kwa maandishi. Karatasi ya mwajiri iliyoandikwa kwa lugha nyingine ikawa batili.

Sheria hiyo ina kifungu ambacho kila mjumbe wa sendika angefaa kukijua. Wawakilishi wa wafanyakazi wakikubaliana wote, na hali ya wafanyakazi ikihitaji, wanaweza kudai maandishi yaongezewe tafsiri ya lugha nyingine. Yaani haki ya kudai tafsiri iliwekwa mikononi mwa wafanyakazi. Mwaka 2013 Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliilegeza sheria hiyo kwa mikataba ya kazi inayovuka mipaka ya nchi, lakini msingi wake ulibaki. Na katika sheria ya mashine ya mwaka 2006, Umoja wa Ulaya uliagiza kwamba mashine inayouzwa katika nchi mwanachama iambatane na maelezo kwa lugha rasmi ya nchi hiyo. Ndiyo sababu mfasiri huko huketi na kugeuza maneno ya mashine ya karatasi kutoka Kiingereza kwenda Kiholanzi. Hafanyi hivyo kwa kupenda lugha tu. Bila maelezo hayo mashine haitakiwi kuuzwa.

Je, haki hiyo ilivuka bahari ikaja kwetu? La hasha. Ubelgiji ilitutawala mpaka tarehe 1 Julai 1962, na lugha iliyotuachia ofisini na viwandani ni Kifaransa, ile ile ambayo wafanyakazi wa Ghent waliikataa isiwe lugha ya bwana juu yao. Hatuwaonei wivu. Tunauliza tu: kama mkono wa Mflemi unastahili kulindwa kwa lugha ya mamake, mkono wa Mrundi una kasoro gani?

Ndugu zetu wa mashambani wasidhani jambo hili ni la viwandani peke yake. Mkataba namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2001, unahusu usalama na afya katika kilimo. Unataka watengenezaji na waagizaji wa mashine watoe maelezo na alama za hatari kwa lugha rasmi ya nchi ya mtumiaji, na unataka mwajiri ahakikishe kwamba wafanyakazi wamepata maelezo hayo na wameyaelewa. Shika neno hilo la mwisho. Kupata karatasi peke yake hakutoshi.

Hapa upo mwanya, na waajiri wanaujua. Sheria ya Burundi ya mwaka 2014 inataja Kirundi, Kifaransa na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Mwenye mashine akibandika kibao cha Kifaransa atasema ametimiza wajibu wake, hata kama kati ya watu wa zamu hakuna anayeweza kukisoma. Kwa hiyo sendika isidai "lugha rasmi" tu. Idai lugha inayoeleweka na waliopo. Hapa kwetu lugha hiyo ni Kirundi kwanza, na Kiswahili pamoja nacho.

Kwa nini Kiswahili pia? Kwa sababu ndiyo lugha ya gereji, ya bandari na ya spea. Mzigo unaotoka Dar es Salaam kwa reli mpaka Kigoma na kuvuka ziwa hufika na maneno yake. Fundi aliyejifunza kazi kwa Kifaransa atasema "frein" na "boulon", wa Kigoma atasema breki na bolti, na wakikutana chini ya lori moja hupatana kwa Kiswahili. Tena Kiswahili hakijaanza leo kutaja vyombo. Kina keekee, jiriwa, tupa, randa na patasi. Parafujo kilikipata kwa Wareno. Umeme, ambao ulikuwa jina la radi inayomulika, kiliufanya jina la nguvu inayoendesha kiwanda. Tanzania iliunda Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, mwaka 1967, na kusanifu maneno ni mojawapo ya kazi zake. Mwaka 2021 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ni mwanachama tangu 2007, walikubali Kiswahili na Kifaransa ziwe lugha rasmi za Jumuiya. Lugha iliyokubaliwa katika mikutano ya marais haiwezi kushindwa kuandikwa juu ya kitufe.

Lakini tuwe wakweli: maneno yetu wenyewe nayo yanahitaji kutazamwa. Chukua neno "dawa". Kwa Kiswahili dawa ni ile inayoponya homa, na dawa ni ile inayonyunyizwa shambani kuua wadudu. Kirundi nacho husema "umuti" kwa zote mbili. Magadi makali yanayopika mbao za karatasi, na yanayotumika pia kutengeneza sabuni, kibarua atasikia yakiitwa dawa. Mtu akiambiwa "mimina dawa", moyo wake hauogopi, kwa kuwa dawa ni rafiki. Katika kiwanda kimoja nilichofanya kazi niliona madumu matupu ya vitu kama hivyo yakichukuliwa nyumbani kutekea maji, na hakuna mkubwa aliyesema neno. Tafsiri ya kweli haitaogopa kuandika SUMU. Neno fupi, linalosomeka na linaloeleweka hata na mtoto.

Wapo wenzetu wanaosema: tukipewa Kirundi na Kiswahili tutabaki chini daima, maana vyeo huenda kwa wajuao Kifaransa. Hoja hiyo ina uzito na hatuidharau. Mfanyakazi ajifunze Kifaransa, na mwajiri afungue darasa la jioni. Lakini kujifunza lugha ni kazi ya miaka, na rola mbili zinazozunguka kuelekeana humvuta mtu kwa nukta moja. Mkono hauwezi kungoja ulimi uhitimu. Tena anayeielewa mashine yake kwa lugha yake ndiye atakayejifunza upesi jina lake la kigeni.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila kamati ya sendika ipite kiwandani au shambani na kuandika orodha ya maandishi yote ya hatari yasiyoeleweka. Orodha hiyo iwe juu ya meza siku ya mazungumzo na mwajiri, pamoja na mishahara. Pili, kila idara ikusanye maneno ambayo wafanyakazi wenyewe huyatumia, na maana zake. Tusingoje wataalamu waje na maneno tusiyoyajua. Tuwapelekee yetu, wayapange. Kiwanda kikubwa cha karatasi cha Webuye, Kenya, kilisimama mwaka 2009. Kiwanda kikifungwa mashine huuzwa, lakini maneno ya wafanyakazi ambayo hayakuandikwa hutawanyika pamoja nao. Tatu, kila kibao kipya kipimwe kwa njia rahisi: aitwe kibarua aliyeingia wiki hii, akisome au asomewe, kisha aulizwe kinamtaka afanye nini. Akishindwa, kosa ni la kibao, na kibao kibadilishwe.

Gharama yake ni rangi, brashi na saa chache za watu wanaojua kazi yao. Mwajiri asiyeweza kulipia hivyo asituambie kwamba anajali usalama.

Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Sisi tunataka kuambiwa, kwa sababu tunaosimama karibu na rola ni sisi.